Harufu ya Mafuta ya Ndege

Mimi ni mtu wa mashaka. Sisemi hivyo kwa kujisifu wala kwa kutubu, nasema ili ujue ni nani anayekusimulia. Mwuzaji akinipimia unga sokoni, simtazami usoni, natazama kidole gumba chake kama kimeingia ndani ya kipimo. Mgeni akinisalimu kwa kicheko kingi, najiuliza ametumwa na nani. Miaka ile Likasi, mji wetu wa migodi, ilitufundisha wote kuishi hivyo, lakini wenzangu walianzia darasa la kwanza, mimi nilikuwa nimekwisha hitimu.

Nilikuwa mkunga. Mtaani waliniita Mama Muzalishi, na waliponihitaji hawakujali kama nimekula au la. Asubuhi nilikuwa kwenye nyumba ya uzazi ya mtaa wetu, mchana nilikuwa njiani na pikipiki, mara Kakanda kwa wake za wachimbaji, mara barabara ya Mulungwishi. Pikipiki aliniachia marehemu mume wangu. Alikuwa fundi wa mitambo kiwandani, na alikuwa mmoja wa wale walioanzisha chama cha pikipiki zamani, wakati dohani zilitoa moshi mchana na usiku na kila fundi alisugua tukutuku yake Jumamosi ili Jumapili baada ya misa waende wawili wawili mahali fulani, wale kuku, warudi. Alipokufa, wanachama walikaa wakaamua kwamba kiti kinafuata pikipiki, hakimfuati mtu. Ndivyo nilivyoingia mimi, mwanamke peke yangu, nimevaa suruali chini ya kitenge, na mfuko wangu wa uzazi nimeufunga nyuma.

Wakati ninaousema, dohani zilikuwa zimenyamaza. Mishahara ilikuwa hadithi ya kuwasimulia watoto. Wengi waliuza pikipiki zao wakala, tukabaki tisa. Esansi, yaani petroli, iliuzwa kwa chupa kando ya barabara, na chupa ile uliinunua ukiomba Mungu isiwe imetiwa maji. Ndipo chama kikaanzisha mambo ya kijiti.

Kijiti chenyewe kilikuwa kipande cha mwanzi mkavu, urefu wa mkono. Kila tulipoondoka na kila tuliposimama, tulipanga pikipiki mstari mmoja, kila mtu akafungua tangi lake. Prezida wa chama, mzee aliyekuwa dereva wa winchi, alipita akitumbukiza kijiti tangi kwa tangi, akakiinua juu watu wote waone kimelowa mpaka wapi. Mwenye nyingi alimpa mwenye chache kwa mpira wa kunyonyea, mpaka kijiti kilowe mahali pamoja kote. Tufike wote au tulale njiani wote. Hakuna aliyekuuliza yako umeitoa wapi. Lakini ukificha hata tone, umetoka katika chama. Mzee alikitundika kijiti kile sebuleni kwake, karibu na picha ya harusi.

Sasa nikuambie juu ya mdogo wangu. Alikuwa kitinda mimba wa mama yetu, nami ndiye niliyemlea. Uzazi wake wa kwanza alitoka damu mpaka midomo ikawa myeupe. Nilimwokoa kwa sindano moja, ile ya kukaza kizazi, na ilikuwa ya mwisho katika kabati la hospitali. Sasa alikuwa tena na mimba ya miezi minane na nusu, na kabati lilikuwa tupu. Sokoni ampuli zilikuwepo, nilizijua. Niliona kwa macho yangu karatasi ya dawa moja imebandikwa kwa uji juu ya ampuli ya nyingine. Unamchoma mama, damu inaendelea tu, kwa kuwa umemchoma maji.

"Yaya, ile dawa iko?" mdogo wangu aliniuliza kila nilipompima tumbo. Yaya kwetu ni dada mkubwa.

"Itakuwa," nilimjibu.

Katika chama chetu kulikuwa na fundi wa umeme, mtu mpole, aliyejiunga baada ya wote. Siku moja mkutanoni akasema shemeji yake, mume wa dada yake, ni mwuguzi kwenye kambi ya ndege za jeshi, mwendo wa asubuhi nzima kutoka kwetu. Kamanda anaalika chama Jumapili. Tutaona ndege, tutapiga picha, tutakula. Wanaume wakafurahi, hujawahi kuona. Miaka mingi hakuna aliyekuwa amewaalika popote.

Mkutano ulipokwisha, akanivuta pembeni.

"Mama, ku infirmerie ya kule beko na ile sindano unatafutaka. Shemeki yangu anaweza kukupatia. Lakini anaogopa kuituma kwa muntu. Unakuya weye mwenyewe."

"Na yeye anataka nini?"

"Hataki kitu."

Hapo ndipo mashaka yangu yalipoamka. Askari wale hawakuwa wamelipwa, kama sisi. Na mji mzima ulikwisha kuona askari wasiolipwa wanafanya nini na maduka. Leo hao hao watualike tule kwao, tuwapelekee pikipiki tisa mpaka mlangoni? Niliona wazi: wanataka pikipiki, na huyu ndiye chambo.

Kuna jambo jingine, na nisipolisema hapa nitakuwa nimedanganya. Mama wa fundi yule alikuwa wa asili ile, ya watu waliotoka mkoa mwingine kuja kufanya kazi migodini, ambayo miaka ile tulifundishwa kuichukia, mpaka majirani wa asili hiyo wakaenda kulala kituo cha treni na magodoro yao, wakingoja kupelekwa mahali ambapo wengi hawakuwahi kufika. Yeye alibaki kwa sababu baba yake alikuwa wa kwetu. Mimi mwenyewe nina damu tatu, na sikupiga mtu jiwe. Lakini nilijiuliza, kama sisi tumewatendea vile, huyu anatuchekea kwa nini?

Nilikwenda kwa ajili ya ampuli. Ila nilijipanga. Mfukoni mwangu, chini ya mashuka ya kuzalishia na vitambaa vilivyochemshwa, niliweka bidoni ya lita tano za esansi safi. Asubuhi mzee alipopita na kijiti, nilifungua tangi langu kama wengine, kijiti kikalowa sawasawa na kwa wengine, nami nikaangalia mbele. Niliwaza, ikiharibika huko, walale wao. Mimi nina mdogo wangu.

Tukaondoka. Barabara ilikuwa mashimo matupu, tukaenda mmoja mmoja, tukipishana na wasukuma baiskeli za makaa waliobeba magunia mpaka huwaoni vichwa. Mzee alimweka fundi wa umeme nyuma yangu. Njia nzima nilikuwa namtazama kwenye kioo, na kila aliponiona namtazama alinipungia mkono.

Tulifika jua likiwa juu. Mbele ya lango la kambi, kabla hata ya kusalimu, mzee alituamuru tupange mstari, kwa kuwa desturi ni desturi. Tukafungua matangi, akapita na kijiti chake, akakiinua juu. Tukagawana kwa mpira mpaka tukawa sawa. Askari wa lango walijaa kutazama. Mmoja aliuliza tunafanya nini, na mzee, kwa fahari zake, akamweleza kila kitu.

Kamanda alikuja na shati lililopigwa pasi. Kifaransa chake kilikuwa kitamu. Akasema pikipiki ziingie kwenye kivuli cha hanga, banda la ndege, tuache funguo ili vijana wake wazipange vizuri kwa picha. Tukamtazama mzee. Mzee akatazama shati la kamanda, akatoa ufunguo wake. Basi tukatoa wote. Mimi nikafungua mfuko wangu kutoka nyuma nikaubeba begani.

"Acha mufuko, Mama, utachoka," askari mmoja akaniambia.

"Mufuko ya muzalishi haiachwake," nikamjibu, na bidoni ikinikata bega.

Wakatutembeza. Ndege ya kwanza ilikuwa kubwa, nyasi zimemea mpaka kuyafunika magurudumu. Ya pili haikuwa na injini, na kwenye bawa lake walikuwa wamefunga kamba wakaanika nepi. Kamanda alieleza mwendo wake na urefu wa safari zake kana kwamba itaruka kesho asubuhi. Nyuma ya hanga kulikuwa na mapipa mengi. Mzee akauliza ni ya nini.

"Mafuta ya ndege," askari akasema huku anacheka. "Mafuta tuko nayo mingi. Ndege njo hakuna."

Wanaume wote wakacheka naye. Tukala bukari, ugali wetu, na samaki wadogo. Askari walisimama ukutani wakitutazama tunavyomeza, na chakula kilinishinda.

Mwuguzi nilimkuta peke yake katika infirmerie yao, chumba chenye kitanda kimoja. Mtu mwembamba, koti lake limeoshwa mpaka limekuwa jembamba kama yeye. Akafunga mlango. Akatoa kopo la bati, ndani yake kitambaa kilicholowa maji, na ndani ya kitambaa ampuli kumi.

"Bakubwa baliuzisha zote," akasema kwa sauti ya chini. "Hizi nilificha. Kitambaa nalowanishaka kila siku, juu joto inaua hii dawa. Mupelekee dada yako."

"Nikupe nini?"

"Hapana kitu, Mama. Mi niko muganga."

Nilimshukuru kwa mdomo. Moyoni nilikuwa natafuta mkia wa jambo hili uko wapi, kwa sababu miaka ile hakuna aliyekupa hata kiberiti bure. Kopo lilikuwa na harufu kidogo ya mafuta. Sikuisemea.

Tuliporudi hangani, pikipiki zilikuwa zimeoshwa. Zimepangwa mstari, zinang'aa, funguo zake juu yake. Mzee akachomoa kijiti. Akatumbukiza la kwanza, la pili, la tatu, mpaka la tisa. Kote kililowa mahali pale pale tulipoacha langoni, si chini, si juu. Wanaume wakaanza kucheka kama watoto, na mzee akamkumbatia askari aliyekuwa karibu. Mimi nilijisikia haya kidogo. Nilimtazama fundi wa umeme, naye akanipungia mkono tena ingawa tuliachana hatua mbili tu. Tukapiga picha chini ya bawa lenye nepi, tukaondoka.

Hatukwenda mbali. Ya mzee ndiyo iliyoanza, ikatoa moshi mweupe mzito, ikagonga ndani, ikazima. Tukasimama. Wakati tunaishughulikia, mbili zilizokuwa zinanguruma zikafa zenyewe. Yangu ilikuwa inakohoa. Mmoja wetu akatia kidole ndani ya tangi, akakinusa, akakaa chini barabarani.

"Mafuta ya ndege," akasema.

Walikuwa wamenyonya esansi yetu, si yote, ibaki ya kututoa mlangoni, wakajaza mafuta yao mpaka kwenye alama. Na alama sisi wenyewe tuliwaonyesha, tena tukawaeleza. Kwa miaka yote ile ya kijiti tulikuwa tunaangalia kama tuko sawa, na hakuna hata siku moja tuliyonusa.

Hasira zangu hujaziona bado, nikuambie: zikinishika, sioni. Nilifungua mfuko mbele yao, nikatupa mashuka kando, nikatoa bidoni. Nilimwaga tangi langu lote chini, nikaanza kujaza. Ilisikika esansi tu ikiingia. Mzee aliitazama bidoni, kisha akakitazama kijiti mkononi mwake, akakitia ndani ya koti.

"Asubuhi ulikuwa nayo," akasema.

"Nilikuwa nayo. Nilijua tutaibiwa."

"Hata ukigawa sasa haitufikishe. Enda kwa dada yako. Ku chama usirudie tena."

Fundi wa umeme akanisogelea. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Mama, minye sikujua."

"Nyamaza. Weye njo ulituleta."

Na nikaongeza neno juu ya mama yake. Sitaliandika, lakini nililisema kwa sauti, mbele ya wanaume saba waliokuwa ndugu zake wa barabarani, na hakuna hata mmoja aliyenikataza. Yeye alisimama akalisikiliza mpaka mwisho. Halafu akainama akaokota kopo, lililokuwa limeanguka nilipotupa mashuka, akalirudisha ndani ya mfuko wangu kwa mikono miwili.

"Usiliweke ku jua," akasema.

Nikapiga teke la kuwashia, nikawaacha.

Njiani upepo ulinirushia harufu kutoka nyuma. Ilikuwa harufu ile ile ya matangi, mafuta ya ndege, na ilitoka kwenye kopo. Basi, nikasema, mikono ni ile ile iliyotujazia matangi. Nilipofika nyumbani nilizipeleka ampuli dirishani. Maji yake yalikuwa meupe safi. Karatasi zilikaa upande upande, na nilipoigusa moja kwa kidole ikateleza ikatoka, ikabaki kidoleni kwangu. Sikuhitaji ushahidi mwingine. Kwamba kambi ile yote ilikuwa imejaa makopo ya mafuta ya ndege na hakukuwa na kopo la namna nyingine, kwamba karatasi inayolowanishwa kila siku lazima itateleza, hayo hayakunijia. Nililiweka kopo juu ya kabati, na hata kitambaa sikukilowanisha.

Wenzangu walirudi siku ya pili, juu ya lori la makaa, pikipiki zimelazwa kwenye magunia. Jioni fundi wa umeme alibisha hodi kwangu.

"Dada alizaa?"

"Bado."

"Dawa iko muzuri?"

"Iko."

Nikafunga mlango kabla hajajibu.

Mdogo wangu alishikwa Alhamisi asubuhi. Nilitaka azalie kwangu, kwa kuwa hospitalini ungelazimika kupeleka hata uzi wako mwenyewe. Mchana mtoto akatoka, wa kike, analia vizuri. Tukacheka mimi naye. Kisha nikaiona damu.

Nilifanya yote niyajuayo. Nilimweka mtoto kwenye titi. Niliweka vitambaa vya maji baridi. Nilisugua tumbo, nikaingiza mkono mmoja ndani na wa pili nikaukandamiza juu, nikabana mpaka mikono ikafa ganzi. Kizazi kilikuwa kinakaza kidogo, kinalegea tena. Yeye alikuwa ananitazama, kisha akatazama juu ya kabati. Alikuwa ameliona kopo siku nilipofika.

"Yaya," akasema, "ile dawa iko."

"Ile haiko dawa."

Hakubishana. Tangu utoto wake hakuwahi kubishana na mimi. Aliyafumba macho akaniachia nifanye kazi yangu, na niliendelea kubana muda mrefu baada ya hapo, mpaka jirani aliyekuwa amemshika mtoto akaniambia, Mama, acha sasa.

Tulimzika Jumamosi. Fundi wa umeme alikuja, akasimama nyuma kabisa. Nilimwona, nikageuza uso.

Kopo nililitia mfukoni nikiwa na nia moja: siku nikikutana na mwuguzi yule nimtupie usoni. Lilikaa humo mwezi mzima na zaidi. Kisha nikaitwa Kakanda, kwa mke wa mchimbaji, mimba ya nne. Alizaa, damu ikafunguka. Nilikuwa na mikono yangu tu, na mikono yangu nilikuwa siiamini tena. Mume wake alikuwa mlangoni akinitazama. Nikawaza, huyu anakufa vilevile. Nikavunja ampuli moja, isiyo na karatasi, nikamchoma.

Ndani ya muda wa kusema sala mbili, kizazi kilikaza chini ya kiganja changu kikawa kigumu. Damu ikapungua. Ikakatika.

Yule mwanaume alinishukuru, akataka kunipa kuku. Nilitoka nje nikakaa nyuma ya nyumba yao, nikalia kwa sauti, naye akadhani ni uchovu.

Zilibaki tisa. Nililowanisha kitambaa kila siku. Nilizitumia kwa wanawake tisa, na kila mara nilikaa mkono juu ya tumbo nikingoja, sehemu yangu moja ikiomba safari hii ikatae. Haikukataa hata moja. Nilikwenda kwa fundi wa umeme nimwambie. Nilikuta watu wengine wanaishi mle, na mwanamke aliyefungua mlango akasema wale wa kwanza walikwenda kituoni na mizigo, wiki nyingi zimepita, na hajui treni iliwapeleka wapi.

Mtoto yule wa kike nilimlea mimi. Sasa ni mtu mzima, na maisha yake yote akiniuliza mama yake aliuawa na nini, nimemjibu damu. Si uongo, na ndivyo nilivyoweza kuendelea kumjibu. Lakini mwezi uliopita amekuja na tumbo lake, amekaa kwenye kitanda kile kile, ameniambia hospitali zipo siku hizi na dawa zipo, ila hataki mikono ya mtu mwingine. Ananiamini mimi. Nimeandika haya ayasome kwanza.